Mgongo Unauma Ukilala, Unaachilia Ukipiga Kazi? Wanasayansi Sasa Wanachungulia Tumbo Lako

Saa kumi na moja asubuhi, Mariakani. Malori yameshapanga laini kuelekea mizani, mama wa mahamri ameshawasha jiko, na wewe umeketi ukingoni mwa kitanda unajaribu kufunga kamba za viatu. Mgongo umekauka kama ubao. Unashika ukuta, unainuka mdogo mdogo kama babu yako, na una miaka 24 tu. Unaenda kazini hivyo hivyo. Cha kushangaza, ikifika saa nne, ukishashusha magunia kadhaa na kuzunguka kidogo, mgongo unaachilia. Unapiga stori na maboyz, unasahau. Usiku saa tisa unakuamsha tena.

Ukiuliza mtaani, majibu unayajua. Tanboi ataambiwa ni mizigo. Msee wa bodaboda ataambiwa ni mashimo, na vile barabara ya Mombasa hadi Mariakani imekuwa mjengo miaka yote hii, nani atabisha? Dada wa M-Pesa ataambiwa ni kukaa sana. Kuna wa godoro, kuna wa figo, na kuna yule atakuvuta kando akunong'onezee kwamba nyumbani kuna mtu hakupendi.

Swali moja tu hakuna anayekuuliza: huo mgongo unauma ukifanya kazi, ama ukipumzika?

Manze, hilo swali ni kubwa kuliko unavyofikiria. Mgongo uliochoshwa na mizigo hupenda kitanda. Ukilala Jumapili nzima, Jumatatu una nafuu. Huu mwingine ni kinyume. Ukilala ndio unakauka, ukitembea ndio unafunguka. Unaanza polepole kabla ya miaka 45, mara nyingi ukiwa kwenye ishirini na kitu, na hauna siku ambayo unaweza kusema "niliumia siku ile." Unapita miezi 3 bado uko nao. Asubuhi ule ugumu unazidi nusu saa. Maumivu yanaweza kukaa pale juu ya makalio, leo kushoto, kesho kulia. Kuna wengine kisigino kinauma bila kukanyaga kitu, na kuna wengine jicho moja linakuwa jekundu, linauma, na mwanga wa jua unakuwa adui.

Madaktari wana jina la huo ugonjwa: ankilosingi spondilaitisi. Ni refu, kwa hivyo tuuite AS. Ni mmoja katika ukoo mzima wa magonjwa ya viungo unaoitwa spondiloathraitisi, na kazi yake ni hii: kinga ya mwili, wale askari wanaopaswa kukulinda, wanageuka na kushambulia pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga. Panavimba kwa ndani, mahali huwezi kuona wala kugusa. Mwili ukijaribu kutibu kidonda, unaota mfupa mahali pasipo pake. Miaka ikipita bila matibabu, kwa baadhi ya watu pingili za mgongo zinashikana, hadi shingo haigeuki. Fikiria uko kwenye pikipiki, lori la makontena liko nyuma yako, na huwezi kugeuza kichwa kuangalia.

Kabla hujaanza kujipima hapo ulipo, tulia. Watu wengi wenye mgongo Mariakani wanaumwa na mizigo kweli, na AS ni ugonjwa wa nadra huku kwetu. Lakini nadra maana yake si hakuna. Na ukiwa wewe ndio huyo mmoja, kuambiwa "ni mizigo" kwa miaka ni hatari. Hata nchi zenye mahela na mashine kila kona, mgonjwa wa AS huchukua wastani wa takriban miaka 7 tangu mgongo uanze kuuma hadi jina la ugonjwa lipatikane. Wanawake ndio huchelewa zaidi, kwa sababu zamani madaktari walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume. Kwa hivyo dada, usifikiri stori hii haikuhusu.

Sasa tumbo limeingiaje?

Turudi 1973. Timu mbili za watafiti, moja London na nyingine Los Angeles, ziligundua mwaka huo huo kwamba wagonjwa wengi sana wa AS wana alama moja kwenye damu, HLA-B27. Kwa Wazungu wenye ugonjwa huu, zaidi ya 8 kati ya 10 wanayo. Watu wakasema kesi imefungwa, ni jeni, umezaliwa nayo. Lakini hesabu ikakataa. Ukichukua watu 100 wenye jeni hiyo, karibu 95 wataishi hadi uzee bila shida yoyote ya mgongo. Jeni ni kama petroli kwenye mtungi. Inaweza kukaa nyumbani miaka yote. Lazima kuwe na mtu aliyekuja na kiberiti.

Miaka ya 1980, madaktari wa Ghent kule Ubelgiji walifanya kitu ambacho hakuna aliyewatuma. Walichukua wagonjwa wa viungo na wa mgongo, wakawaingiza kamera tumboni, wakakata vipande vidogo vya utumbo na kuviangalia kwa hadubini. Zaidi ya nusu walikuwa na uvimbe ndani ya utumbo. Na wengi wao hawakuwa wakilalamika tumbo hata kidogo! Mgongo ulikuwa ukipiga kelele huko nyuma, na tumbo limevimba kimya kimya.

Halafu mwaka 1994, Texas, kukaja stori ya panya. Watafiti walikuwa na panya waliopandikizwa ile jeni ya binadamu, HLA-B27. Hao panya wakiishi maisha ya kawaida, na bakteria wao tumboni kama panya wengine, waliugua utumbo na viungo. Watafiti wakawalea wengine, jeni ile ile, lakini ndani ya vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja tangu kuzaliwa. Hao hawakuugua utumbo wala viungo. Petroli iko, kiberiti hakuna. Baadaye panya wa aina hiyo waliporudishiwa bakteria, utumbo ukawaka tena.

Hapo ndipo sayansi ilianza kuangalia tumbo kwa makini, na bado inaangalia. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba bakteria wa utumbo wa wagonjwa wa AS wamepangika tofauti na wa watu wazima wa afya. Mwaka 2017, Wafaransa wakaona bakteria mmoja, *Ruminococcus gnavus*, amezidi kwa wagonjwa wa spondiloathraitisi. Huyu jamaa ana tabia mbaya: anakula ule ute unaofunika ukuta wa utumbo. Ute ndio ua la boma. Ukiliwa, wageni wanachungulia ndani.

Na mwaka 2022, jarida la Nature lilichapisha kazi ya kina sana kuhusu chembe za kinga za wagonjwa wa AS na wa lile jicho jekundu. Chembe hizo zilikuwa zinashika vipande vya protini za bakteria, na zilikuwa zinashika pia vipande vya protini za mwili wenyewe, zote zikiwa zimebebwa na HLA-B27. Yaani askari ameonyeshwa picha ya mwizi, halafu anakutana na ndugu yake wa damu anayefanana na huyo mwizi. Anapiga.

Kuna maelezo mengine yanayosema chembe za kinga hufunzwa kazi utumboni, halafu husafiri hadi kwenye viungo zikiwa bado na hasira. Utumbo ukisumbuliwa, hutoa ujumbe wa kemikali unaoitwa IL-23, nao unaamsha mwingine, IL-17, na IL-17 ikifika mgongoni ni noma. Hii si nadharia ya kwenye karatasi pekee. Leo kuna sindano zinazozima IL-17, na mgongo wa wagonjwa wengi unatulia.

Lakini tusiuziane mbuzi kwenye gunia. Bado watu wanabishana nani alianza. Je, bakteria walibadilika ndipo ugonjwa ukaja, au ugonjwa pamoja na zile dawa za maumivu ulibadilisha bakteria? Panya hao wa Texas wanaelekeza kidole kwa bakteria, sawa, lakini binadamu si panya, na hakuna anayeweza kukulea wewe miaka 20 kwenye chumba kisicho na vijidudu.

Hapa ndipo stori inakuwa yetu.

Hiyo HLA-B27 huku Afrika kusini mwa Sahara ni adimu. Katika jamii nyingi haifiki mtu 1 kati ya 100. Na hata mahali ambapo ipo, mambo hayaendi vile vitabu vya Ulaya vinasema. Kule Gambia, watafiti waliona karibu watu 6 kati ya 100 wa jamii ya Wafula wanayo, lakini walipotafuta wagonjwa wa AS miongoni mwao hawakuwapata. Walichapisha hayo mwaka 1997, wakasema lazima kuna kitu kingine kinawalinda. Kitu gani? Jeni nyingine? Chakula? Bakteria wa tumbo? Chagua mwenyewe, mlango uko wazi.

Upande wa pili, Lusaka, Zambia, miaka hiyo hiyo ya 1990, madaktari walikuwa wanaona watu wengi wenye spondiloathraitisi. Wengi walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi, na HLA-B27 hawana. Kwa hivyo huku kwetu unaweza kukosa jeni na bado ugonjwa wa ukoo huo ukakukuta. Daktari akikupima HLA-B27 na karatasi ikasema huna, hiyo karatasi haikusafishi vile ingemsafisha Mzungu. Ishike hiyo. Kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu wengine kinaweza kukuambia uko fiti huku mgongo unaungua.

Na kuna binamu wa AS ambaye huku Pwani tunapaswa kumwogopa zaidi, kwa sababu yeye hupitia tumboni moja kwa moja. Umekula kitu kibaya, au umekunywa maji ya mtungi ambayo hujui mkokoteni uliyatoa wapi. Unaharisha siku tatu nne, wale wadudu wa salmonela, shigela au kampilobakta. Unapona. Wiki moja hadi nne baadaye, goti linavimba bila kugongwa, kisigino kinauma, jicho linawaka, mkojo unachoma. Hujaunganisha hayo mambo mawili, na hata mtu wa kemisti hataunganisha, kwa sababu kuharisha kuliisha kitambo. Madaktari wanaita hii athraitisi ya kufuatia maambukizi. Klamidia, ile ya zinaa, inaweza kufanya vivyo hivyo. Wengi hupona ndani ya miezi, wengine inawakalia, na baadhi inapanda hadi mgongoni. Kwa hivyo ukisikia mjadala wa maji safi Kilifi, usidhani ni wa kipindupindu peke yake. Na viungo vyako vimo.

Kuhusu matumbo yetu sisi wenyewe wa Pwani, kuna utafiti mmoja ambao kila mzazi anapaswa kuusikia. Ulifanyika Kwale, hapo kwa majirani, na ukachapishwa mwaka 2015. Watoto 115 wa miezi 6 walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi kila siku kwa miezi 4, wengine unga wenye madini ya chuma, wengine bila chuma. Nia ilikuwa safi, kupigana na ukosefu wa damu. Lakini kwa waliopewa chuma, bakteria wabaya wa ukoo wa E. koli waliongezeka, na kwenye choo chao kikapatikana zaidi kitu kinachoitwa kalprotektini, ambayo ni ishara kwamba ukuta wa utumbo umevimba. Watafiti hawakukimbia. Walirudi huko Kwale, wakaongeza kwenye ule unga aina ya sukari inayolisha bakteria wazuri, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba ule ubaya ulipungua.

Usinielewe vibaya, mtoto anahitaji chuma, na usimnyime dawa aliyopewa kliniki. Watoto hao pia hawakuwa wanaumwa mgongo. Nimekuletea kwa sababu nyingine: hiyo ni picha ya tumbo la Mpwani, likipimwa na kuonekana linavimba na kutulia kulingana na kilichoingia. Picha kama hizo ni chache mno. Mwaka 2025 Nature walitoa utafiti mkubwa wa bakteria wa tumbo Afrika, wanawake 1,801 kutoka Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Ndani yake wakapata aina zaidi ya 1,000 za bakteria ambazo hazikuwa kwenye orodha zilizokuwa zikitumika duniani. Zaidi ya elfu! Kenya iliwakilishwa na Korogocho na Viwandani, Nairobi. Mariakani haimo. Wala Kaloleni, wala Ganze. Na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kiko hapo Kilifi tangu 1989, kinaheshimika duniani kote kwa malaria na magonjwa ya watoto. Uwezo wa kupima tumbo la Mpwani uko ndani ya kaunti hii hii. Mgongo wa kijana ndio haujawa ajenda ya mtu.

Na mahali sayansi haijafika, wauzaji wamefika. Fungua TikTok saa hii, tafuta tumbo, utaona. Chai ya kusafisha utumbo. Unga wa kijani. Chupa za bakteria wazuri zenye bei ya kodi ya nyumba. Wote wanakuambia kila ugonjwa unaanzia tumboni, na kwa vile umesoma hadi hapa, unaweza kudhani nawaunga mkono. Siwaungi.

Chukua ile ya kuacha wanga. Ina chanzo cha heshima, profesa mmoja wa London aitwaye Alan Ebringer, ambaye kwa miaka mingi alisema bakteria aitwaye Klebsiella ndiye anayewasha AS, na kwamba Klebsiella hula wanga, kwa hivyo mgonjwa apunguze wanga. Wazo tamu. Ushahidi wa kutosha kwamba lishe hiyo inatibu haukuja. Na hebu tuwe wakweli: ukitoa sima, muhogo, wali, chapati, viazi na mahamri, umebakisha nini Mariakani? Samaki na maombi.

Au chukua ile inayosikika kali zaidi, kuhamisha kinyesi cha mtu mzima wa afya hadi kwenye utumbo wa mgonjwa. Ndio, kinyesi, umesoma vizuri. Kwa maambukizi fulani sugu ya utumbo inafanya kazi vizuri sana. Kwa viungo, Wadenmark walijaribu kwa wagonjwa 31 wa athraitisi ya soriasisi, ndugu wa karibu wa AS, wengine wakapewa cha kweli, wengine cha uongo. Matokeo ya 2021: waliopewa cha kweli ndio matibabu yaliwafeli zaidi. Kama njia hiyo nzito, iliyofanywa hospitalini, imeshindwa hivyo, unadhani ile chai ya shilingi 1,500 itafanya nini?

Chakula cha kulisha bakteria wazuri tunacho na ni cheap. Mbaazi, kunde, mchicha, mtama. Bakteria wakila zile nyuzinyuzi hutengeneza asidi zinazoimarisha ukuta wa utumbo. Kula kwa sababu ni afya, na kwa sababu mbaazi za nazi hazina mpinzani. Usile ukidhani pingili zitaachana.

Kitu ambacho ningekuomba uache ni antibayotiki za kununua kama peremende. Umepiga chafya, amoksilini. Tumbo limekoroga, flajili. Kila dozi inapita tumboni inafyeka wabaya na wazuri pamoja. Na sigara pia. Mwaka 2024 magavana wetu wa Kilifi na Mombasa walipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha, Pwani nzima ikawa vita. Sigara inayovutwa pembeni mwa hiyo muguka haikupata hata kelele kidogo, na kwa mgonjwa wa AS, sigara inaharakisha uharibifu wa mgongo.

Twende kwa kemisti sasa, kwa sababu huko ndiko wengi tunaishia. Umenunua diklofenaki, mgongo umetulia ndani ya siku moja mbili, umeacha, umerudi. Jua kwamba hiyo nafuu yenyewe ni dalili. AS hujibu vizuri dawa za kundi hilo, na ndizo daktari huanza nazo. Tofauti ni kwamba daktari atakupimia figo na kukuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, na wewe unazimeza kwa soda bila mtu kukuangalia, miezi sita, mwaka. Dawa hizo hizo zinaweza kuchubua utumbo, ule utumbo ambao tumesema ndio mlango wa shida.

Kisha kuna ile karatasi ya "brucella na typhoid." Nani Kenya hajawahi kupewa hiyo? Brusela ni ugonjwa wa kweli, unatoka kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi, na kwa kweli unaweza kuvimbisha pale pale mgongo unapokutana na nyonga, unafanana na AS kama pacha. Ndio maana maziwa lazima yachemshwe. Lakini vile vipimo vya haraka vilivyokuwa vikitumika nchini vilionyeshwa na utafiti wa 2017 kwamba vinawapa watu wengi ugonjwa wasio nao. Kwa hivyo kama umetibiwa brusela mara tatu na mgongo uko vilevile, omba kipimo cha uhakika, na uulize swali lingine.

Swali lingine la kwanza ni TB. Usiruke hapo. TB ya mgongo Kenya ni ya kweli kabisa. Ukiwa na mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au miguu inapoteza nguvu, au mkojo umegoma, hiyo si ya kungoja wala ya kusoma mtandaoni. Nenda hospitali leo. Tena kuna sababu ya pili: baadhi ya sindano kali za AS, zile za kuzima TNF, zinaweza kuamsha TB iliyolala, kwa hivyo lazima upimwe kabla ya kudungwa.

Hizo sindano zipo Kenya. Bei ndio si ya kibarua. Wataalamu wa viungo nao ni wachache mno na wengi wako Nairobi. Eksirei, ambayo ndio rahisi kupata, mwanzoni mwa ugonjwa inaweza kuonekana safi kabisa, na kuona uvimbe mapema unahitaji MRI. Sasa weka SHA hapo. Tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75, imeisha. Msee wa jua kali anapimwa uwezo wake kwa maswali, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Mfuko wa magonjwa sugu umeandikwa kwenye sheria. Tanboi analipwa kwa safari. Hana elfu tatu na mia sita zilizokaa zikingoja Januari, kwa hivyo hayumo, na mgongo wake haujui kama yumo au hayumo. Ndio maana zile miaka 7 za Ulaya, huku zinaweza kuwa miaka yote.

Kile unachoweza kufanya bila hela nyingi ni kubadilisha vile unavyojieleza. Ukifika mbele ya daktari au afisa wa kliniki, usiseme "mgongo unauma" tu. Laini ni refu, ataandika dawa za maumivu na kumwita anayefuata. Mwambie ulianza mwaka gani. Mwambie, "Nikilala unazidi, nikitembea unapungua." Mwambie unakuamsha saa tisa usiku, asubuhi unachukua saa nzima kulegea, diklofenaki inausaidia. Mwambie kama uliharisha kabla, kama nyumbani kuna mtu mwenye mgongo uliopinda au ngozi ya magamba, kama choo kina damu. Sentensi tano, dakika mbili. Kisha uliza, "Inaweza kuwa ya kinga ya mwili?" Muulize pia mazoezi ya kunyoosha, kwa sababu kwa ugonjwa huu mazoezi ni dawa kamili na hayauzwi.

Na jicho likiwa jekundu, moja tu, linauma na halitaki mwanga, usitie matone ya kununua na usingoje Jumatatu. Hilo linaweza kukuachia upofu wakati bado unabishana na mgongo.